Upepo upo Mara, lakini umeme wake unapatikanaje?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MTU anayesimama katika mwalo wa Mwigobero mjini Musoma majira ya saa tisa alasiri hahitaji kuambiwa kwamba Mkoa wa Mara una upepo. Wakati huo upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mitumbwi ya matanga hurejea ukingoni bila ya mpiga kasia kutoa jasho jingi. Usiku wa manane hadi alfajiri mambo hugeuka, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndiyo sababu tangu enzi za mababu wavuvi walipanga safari zao za kwenda na kurudi kwa kufuata saa za upepo.

Kwa wakazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama, swali linalofuata ni rahisi. Iwapo upepo ni huu, na iwapo majirani zetu wa Kenya wanawasha taa kwa umeme wa upepo, kwa nini mitambo ya namna hiyo isisimikwe katika vilima vya Butiama au juu ya Mlima Balili uliopo Bunda?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake lina hesabu kidogo, na ni vema hesabu hiyo ikafahamika mapema, kabla mtu hajafika kijijini akiwa na mkataba wa ardhi mkononi.

Upepo wa ziwani ni kazi ya jua. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huingia kuziba nafasi hiyo. Usiku nchi kavu hupoa haraka, ziwa hubaki na joto lake, na mzunguko huo hugeuka. Ziwa Victoria ni kubwa kiasi kwamba mzunguko huu wa hewa hutengeneza hali yake yenyewe ya hewa, ikiwamo mvua za radi za usiku ambazo wavuvi wanazihofu kuliko kitu kingine chochote. Juu ya hayo yote upo upepo mkuu wa kanda hii, ule utokao mashariki, ambao nyakati nyingine huupa nguvu upepo wa ziwa na nyakati nyingine hupingana nao.

Kuugeuza upepo huo kuwa umeme ni jambo ambalo mwenye baiskeli ya zamani yenye taa anaweza kulielewa. Dainamo ya baiskeli huzungushwa na gurudumu. Ndani yake sumaku huzunguka karibu na nyaya za shaba, na nyaya hizo hutoa umeme. Kanuni hiyo iligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na hadi leo ndiyo inayotumika katika mabwawa ya maji, mitambo ya gesi na mitambo ya upepo. Kinachotofautiana ni kile kinachozungusha. Profesa James Blyth wa Scotland alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia upepo kwa kazi hiyo, mwaka 1887, akawasha taa za nyumba yake ya mapumziko.

Katika mtambo wa kisasa, mapanga matatu hufungwa juu ya mnara mrefu. Umbo la panga hilo linafanana na bawa la ndege: upepo ukipita, hulivuta upande mmoja kuliko kulisukuma, na mapanga huanza kuzunguka. Mzunguko huo ni wa polepole, pengine mara 15 hadi 30 kwa dakika kwa mtambo wa ukubwa wa kati. Kwa hiyo katika mitambo mingi huwekwa giaboksi inayoongeza kasi hadi kufikia takriban mizunguko 1,500 kwa dakika, ambayo ndiyo inayoitosha jenereta. Umeme unaotoka hushuka kwa nyaya ndani ya mnara, hupandishwa nguvu na transfoma, kisha huingia katika njia kuu.

Kichwa cha mtambo chenyewe hugeuka kuufuata upepo. Kifaa kidogo kilicho juu yake hupima kasi na mwelekeo, na mota hukizungusha kichwa ili mapanga yaukabili upepo daima. Kwa mwambao kama wa Musoma, ambako upepo hugeuka kila asubuhi na kila mchana, kifaa hicho hakiwezi kukosekana.

Hadi hapo hakuna la ajabu. Ugumu, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya hapo ndipo wananchi na hata baadhi ya viongozi hupotea njia, upo katika kasi ya upepo.

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nane. Sababu yake ni kwamba hewa inayopita katika mapanga kila sekunde huwa mara mbili ya ile ya awali, na wakati huo huo kila kilo ya hewa hiyo hubeba nguvu mara nne ya ile iliyobeba mwanzo. Mbili mara nne ni nane.

Tuchukue mtambo ambao mapanga yake yanachora duara lenye kipenyo cha mita 52, sawa na mitambo iliyopo Turkana nchini Kenya. Eneo la duara hilo ni takriban mita za mraba 2,120. Upepo wa kasi ya mita 8 kwa sekunde, ambao ni karibu kilomita 29 kwa saa, ukipita hapo hupitisha zaidi ya tani 17 za hewa kila sekunde. Katika mazingira ya Ziwa Victoria, hewa hiyo hubeba nguvu ya takriban kilowati 560.

Mtambo hauwezi kuichukua nguvu yote hiyo. Mjerumani Albert Betz alionyesha, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba hakuna mtambo unaoweza kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo, kwa sababu hewa ikinyang'anywa mwendo wake wote itasimama nyuma ya mapanga na kuizuia hewa nyingine isipite. Kwa vitendo, mtambo mzuri hupata kiasi cha asilimia 40. Hivyo mtambo wetu utatoa takriban kilowati 225.

Sasa upepo upungue hadi mita 4 kwa sekunde, upepo ambao bado unapepea bendera na kumfurahisha anayepunga hewa ufukweni. Mtambo ule ule utatoa kilowati 28 tu, yaani umeme wa kutosha pasi 28 zikiwashwa kwa pamoja. Chini kidogo ya kasi hiyo mtambo husimama kabisa. Upande wa pili, upepo ukizidi mita 25 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 90 kwa saa, mtambo hujizima wenyewe kwa kuyageuza mapanga yake ili usivunjike. Dhoruba inayopindua mitumbwi haimzalishii mtu umeme.

Jambo jingine ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ile ya Pwani. Kwa kasi ile ile ya upepo, mtambo wa Musoma utatoa umeme pungufu kwa kiasi hicho hicho ukilinganishwa na ule wa Bagamoyo. Upungufu huo hauzuii mradi, lakini ni lazima uhesabiwe, na vipeperushi vya wauzaji wa mitambo aghalabu hutoa takwimu za usawa wa bahari.

Je, si upo wastani wa kasi ya upepo unaopimwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) katika kituo chake cha Musoma? Upo, na ni wa msaada, ila hautoshi. Vipimo vya kawaida vya hali ya hewa huchukuliwa katika kimo cha mita 10, wakati mapanga ya mitambo mikubwa huwa katika mita 50, 80 au zaidi, ambako upepo hausumbuliwi na miti, nyumba na vichaka. Aidha, wastani wenyewe unaweza kudanganya. Chukua vijiji viwili vyenye wastani wa mita 6 kwa sekunde. Kimoja kina upepo wa mita 6 saa zote. Kingine kina mita 2 kwa nusu ya siku na mita 10 kwa nusu nyingine. Kwa kanuni ile ya mara nane, upepo wa kijiji cha pili hubeba nguvu zaidi ya maradufu ya ule wa kwanza, ingawa wastani ni mmoja. Upepo wa ziwa, ambao huja na kuondoka kwa saa zake, uko karibu na mfano huo wa pili kuliko wa kwanza.

Ndiyo maana wawekezaji makini huanza kwa kusimika mnara wa vipimo, hurekodi kasi na mwelekeo kila baada ya dakika chache, na hufanya hivyo kwa mwaka mzima au zaidi ili kupata misimu yote. Nchini Tanzania vipimo vya namna hiyo viliyapa umaarufu maeneo mawili: Kititimo mkoani Singida, ambako kasi ya wastani ilipatikana kuwa takriban mita 9.9 kwa sekunde, na Makambako mkoani Njombe, mita 8.9, yote katika kimo cha mita 30. Hizo ni takwimu nzuri kwa viwango vya nchi yoyote.

Hata hivyo, Singida inatoa fundisho jingine. Miradi ya upepo ya mkoa huo imezungumzwa tangu miaka ya 2000, kwa majina ya kampuni tofauti na kwa viwango vya megawati 50 na 100, lakini shamba la kwanza la upepo kuzalisha umeme nchini halikujengwa huko. Lilijengwa Mwenga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, likaanza kazi mwaka 2020. Lina mitambo mitatu tu yenye jumla ya megawati 2.4, na lilijengwa na watu waliokuwa tayari na mtambo mdogo wa maji wa megawati 4 pamoja na mtandao wa kusambaza umeme vijijini.

Udogo wa Mwenga usidharauliwe. Tukichukulia kwamba mitambo hiyo inatoa asilimia 30 ya uwezo wake kwa wastani wa mwaka, itazalisha uniti milioni 6.3 hivi. Familia inayotumia uniti 75 kwa mwezi, kiwango cha juu cha wateja wadogo wa TANESCO, hutumia uniti 900 kwa mwaka. Hizo ni familia 7,000. Tena maji ya mto hupungua kiangazi, wakati ambao upepo wa nyanda hizo huwa mzuri, kwa hiyo vyanzo hivyo viwili hushikana mkono.

Mfano mkubwa uko kaskazini. Shamba la upepo la Ziwa Turkana huko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, lina mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Pale upepo hubanwa kati ya milima na kuwa mkali karibu mwaka mzima. Lakini mitambo hiyo ilikamilika kusimikwa mwaka 2017 na ikakaa bila kazi, kwa kuwa njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwa imekwisha. Mkandarasi wake wa Hispania, Isolux, alikuwa amefilisika. Njia hiyo iliwashwa Septemba 2018, na kwa mujibu wa mkataba Kenya ililazimika kulipia umeme ambao haukuwafikia wananchi wake. Yaani upepo ulikuwepo, mitambo ilikuwepo, waya haukuwepo.

Kwa upande huo Mara ina nafuu. Njia ya kilovolti 132 itokayo Mwanza inafika Bunda na Musoma, hivyo mtambo utakaojengwa karibu nayo hautahitaji mamia ya kilomita za nguzo mpya. Zaidi ya hapo, mkoa huu upo mbali na vyanzo vikubwa vya umeme nchini. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, linalobeba jina la mwana wa Butiama, lina uwezo wa megawati 2,115 na mashine zake zote tisa zilikuwa zimekamilika mwaka 2025. Lakini kutoka Rufiji hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka, na umeme unaosafiri mbali hupotea njiani kama maji katika mfereji unaovuja. Mwaka huo huo wa 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ikitoa sababu hiyo hiyo ya upotevu. Hilo limewezekana kwa kuwa gridi za Kenya na Tanzania ziliunganishwa Desemba 2024 kwa njia ya Isinya hadi Singida.

Wapo wanaouliza kama bado kuna haja ya upepo baada ya bwawa hilo. Haja ipo, na bwawa lenyewe ndilo linalourahisishia upepo kazi. Udhaifu mkubwa wa umeme wa upepo ni kwamba hauji kwa kuitwa. Gridi yenye mabwawa inaweza kupunguza maji yanayopita katika mashine pale upepo unapovuma, na kuyafungulia upepo unapotulia jioni watu wanapowasha taa. Maji yaliyobaki bwawani yanakuwa akiba. Wananchi waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 wanafahamu thamani ya akiba hiyo.

Kinachobaki ni ardhi, na hapa Wakenya wametangulia kuonja machungu. Mradi wa Kinangop wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 kabla mtambo hata mmoja haujasimama, baada ya wananchi kupinga. Kuhusu Turkana, Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata taratibu, kesi ikiwa imefunguliwa na wakazi wa eneo hilo. Wakati huo umeme ulikuwa ukizalishwa kwa miaka mitatu.

Nchini kwetu ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wakazi wa Bunda, hasa waliopitia uthamini wa Nyatwali, hawahitaji kuelezwa namna zoezi la ardhi na fidia linavyoweza kuzua manung'uniko. Umeme wa upepo una tofauti moja ambayo inafaa ijulikane mezani: mtambo hukalia eneo dogo tu la msingi wake na barabara ya kuufikia, na nafasi kubwa iliyo kati ya mtambo na mtambo inaweza kuendelea kulimwa mihogo na mtama au kulishia ng'ombe. Kwa sababu hiyo si lazima kijiji kiuze ardhi. Kinaweza kukodisha, na kikadai malipo yanayoendana na umeme unaouzwa kila mwaka.

Suala la ndege nalo si la kupuuza katika mkoa unaopakana na Serengeti. Tai huelea kwa kufuata hewa inayopanda vilimani, mahali pale pale ambapo mwenye mitambo angependa kuisimika. Katika shamba la Kipeto, Kaunti ya Kajiado, lenye mitambo 60 na megawati 100, wapo walinzi maalumu wanaotazama angani ili mtambo uzimwe tai wanapokaribia. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) litataka kuona mpango wa namna hiyo kutoka kwa yeyote atakayekuja Bunda.

Na wapo wadudu. Mkazi yeyote wa mwambao amewaona wale wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi, kwa mbali wakidhaniwa ni moshi juu ya maji. Mwaka 2001 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wadudu wanaogandamana katika ukingo wa mapanga wanaweza kupunguza umeme hadi nusu wakati wa upepo mkali, kwa kuwa panga lenye uchafu halitelezi tena hewani inavyopasa. Mvua huyaosha, na kiangazi yanahitaji kuoshwa kwa mikono ya watu. Radi nazo ni nyingi juu ya ziwa hili, hivyo kila panga hufungwa waya wa kuipeleka radi ardhini. Gharama za namna hii hazionekani katika picha nzuri za mitambo myeupe.

Mnara wa vipimo ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na mtambo wenyewe, na unaweza kusimama juu ya kilima bila kumhamisha mtu. Halmashauri itakayoombwa eneo la kuusimika inaweza kuweka sharti moja katika barua yake ya kibali: nakala ya takwimu za mwaka mzima, katika vimo vyote vilivyopimwa, ibaki wilayani hata kama mwombaji ataondoka asirudi tena. Singida, waombaji walikuja na kuondoka, lakini takwimu zilibaki.